Amefungwa, ni hanithi, au anaumwa? Jibu kwa msomaji wa Wete

Msomaji mmoja wa Wete, mwenye umri wa miaka 46, ameniandikia barua ndefu, na kwa idhini yake naifupisha hapa. Alioa mke wa pili miezi minane iliyopita, na tangu usiku wa kwanza hajaweza kumwingilia, ilhali kwa mke mkubwa, kwa maneno yake mwenyewe, mambo yalikuwa yanakwenda "japo si kama zamani". Shangazi yake alimpeleka kwa mganga, na mganga akasema kwamba alifungwa siku ya nikaha, yaani alirogwa asiweze kumwingilia mkewe, tena akaashiria bila ya kutaja jina kwamba aliyemfunga hayuko mbali na jiko lake. Anauliza mambo matatu: je, imani hii ya mwanamume kufungwa ni yetu sisi Wapemba tu, je, hali aliyo nayo ndiyo uhanithi, na je, mke mdogo akitaka kwenda kwa kadhi, ana haki? Mwisho wa barua, kama mgeni anayekumbuka neno akiwa ameshavaa viatu, anaongeza kwamba usiku huamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo, na kwamba amekonda kidogo, jambo ambalo anadhani linatokana na mawazo.

Ndugu yangu, nitayajibu hayo matatu kwa utaratibu ulioyauliza, kisha nitarudi kwenye hilo ulilolisema mlangoni, kwa sababu kwangu mimi ndilo lenye uzito kuliko yote.

Pemba ina sifa ya uganga iliyovuka bahari, na sisi wenyewe tumeikuza sifa hiyo kwa kuisimulia kwa wageni huku tukitabasamu. Lakini kufungwa hatukukuanzisha sisi. Katika Sura ya al-Baqara, aya ya 102, Qurani inataja watu waliojifunza mambo ya kumtenganisha mtu na mkewe, na Sura ya al-Falaq inatufundisha kujikinga na shari ya wanaopuliza mafundoni. Katika Sahihi ya Bukhari imo kauli ya Said bin al-Musayyab, mwanachuoni wa Madina wa karne ya kwanza ya Hijra, ambaye Qatada alimuuliza juu ya mtu "mwenye tibu" au aliyezuiliwa asimfikie mkewe, kama inafaa kufunguliwa, naye akajibu kwamba hakuna ubaya, kwa kuwa wanaofanya hivyo wanakusudia kutengeneza. Tazama lile neno tibu: Waarabu wa zama hizo walilitumia kwa tafsida kumaanisha uchawi, kama vile sisi tunavyosema fulani "katiwa dawa" na kila mtu akaelewa kwamba hakupewa vidonge. Naye Ibn Qudama, aliyefariki Dameski mwaka 1223, aliandika kwamba habari za mtu kufungwa asiweze kumwendea mkewe wakati wa kuoa, kisha akafunguliwa, zilikuwa zimeenea mno kwa watu wa wakati wake.

Wala si Waislamu peke yao. Mwaka 1193 mfalme Philippe Auguste wa Ufaransa alimuoa Ingeborg, binti wa mfalme wa Denmark, na siku ya pili tu akamkataa. Kanisa lilipombana kwa miaka mingi, miongoni mwa hoja alizozitoa ni kwamba alirogwa asiweze kukamilisha ndoa ile. Huko huko Ufaransa, katika karne ya 16 na ya 17, maharusi waliogopa kufungiwa fundo la kamba ya suruali: adui alisimama kanisani wakati wa kiapo, akapiga fundo kwenye uzi huku akinuiza, na bwana harusi akalala usiku ule kama gogo. Hapa kwetu husimuliwa kufuli linalofungwa wakati ule ule wa ijabu na kabuli, kisha likatupwa kisimani au baharini. Fundo na kufuli ni ndugu. Nchini Uingereza nako, mwaka 1613, ndoa ya Earl wa Essex na Frances Howard ilivunjwa kwa hoja ya kwamba mume alikuwa mzima kwa wanawake wengine ila hakuweza kwa mkewe huyo tu. Ukikisoma kisa hicho ukiwa Wete, utadhani kimeandikwa juu ya mtu wa mtaa wako.

Kwa nini imani moja ikakaa kwa watu walio mbali namna hii? Mimi naona sababu ni mbili, na zote zimo katika barua yako. Ya kwanza ni hilo la kuweza huku na kushindwa kule. Mtu anayeumwa mguu huumwa nao akienda sokoni na akienda msikitini. Maradhi gani haya yanayochagua chumba? Akili ya kawaida hukata shauri kwamba pana mkono wa mtu. Ya pili ni kwamba usiku wa kwanza haukuwa siri ya watu wawili. Katika harusi zetu za zamani kungwi alikuwa karibu na chumba, kisarawanda, kitambaa cha kuthibitisha bikira, kilingojewa, fungate ilihesabiwa siku kwa siku, na watu wakizungumza juu ya bikira ya bibi harusi husahau kwamba bwana harusi naye alikuwa mtihanini, tena mtihani wenye wasimamizi nje ya mlango. Akishindwa, aibu ilikuwa imeshapata wasikilizaji. Hapo neno "kafungwa" lilikuja kama shuka la kumsitiri: halikusema kwamba ana kasoro, lilisema kwamba amedhulumiwa. Nimesikiliza wazee wengi katika kazi yangu, na sina shaka kwamba neno hilo limeokoa ndoa nyingi, kwa kuwa lilimpa mume muda na likampa mke sababu ya kusubiri.

Ila shuka hilo lina bei, na bei hulipwa na mtu mwingine. Kila aliyefungwa lazima awe na mfungaji, na katika mazingira ya ukewenza mfungaji huwa ni nani kama si mke mkubwa? Ulaya waliotuhumiwa zaidi walikuwa wanawake, hasa vikongwe, na kitabu kilichochapwa Ujerumani miaka ya 1480 kuhusu kuwasaka wachawi kiliuhesabu uzuizi wa nguvu za kiume miongoni mwa makosa yao makubwa. Watu walichomwa moto. Hapa kwetu hawachomwi, lakini mama wa watoto wako anaweza kupikiwa shutuma mpaka akaondoka kwake akiwa na jina la mchawi, na jina hilo talaka yake haiandikwi wala haina eda. Mganga hakumtaja, unaniambia. Hakuhitaji kumtaja.

Yako na maelezo mengine yanayokaa jirani na hilo. Wapo watakaokwambia kwamba una jini mahaba anayekuonea wivu, na ndugu zako wanaweza kupendekeza upungwe, kwa pepo wa rubamba wa huko huko Pemba au kwa pepo wa kibuki aliyekuja na watu wa Bukini, yaani Madagaska. Wapo watakaokupa kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuoshwa kwa maji ya waridi. Wapo pia watakaokuletea majani ya mkunazi, na hao wana nasaba ndefu kuliko wanavyojua: Ibn Kathir, katika kuifasiri aya ile ya 102, anaitaja nasaha ya Wahb bin Munabbih wa Yemen kwamba yachukuliwe majani saba ya mkunazi, yapondwe baina ya mawe mawili, yachanganywe na maji na kusomewa Ayatul Kursi, mgonjwa anywe mafunda matatu na aoge yaliyobaki, na kwamba hilo lafaa hasa kwa mtu aliyezuiliwa na mkewe. Sitokukataza kuoga maji ya mkunazi wala kusoma. Dua haigongani na kipimo cha damu.

Sasa neno hanithi. Umelitumia mara nne katika barua yako, na kila mara ukaonekana kulitetemekea. Neno hili limebeba mizigo miwili ambayo haikupaswa kufungwa kamba moja. Asili yake ni Kiarabu, na huko linahusu mwanamume mwenye mwenendo wa kike. Katika Kiswahili limekuja kumaanisha hilo na pia mwanamume asiyeweza kujamii, na matokeo yake ni kwamba mtu mwenye maradhi ya mishipa anatukanwa kwa neno la tabia. Mafakihi walikuwa waangalifu kuliko sisi wa barazani. Wao walitenganisha khuntha, ambaye maumbile yake yana utata, na khasi, aliyehasiwa, na majbubu, aliyekatwa, na inini, ambaye viungo vyake vipo kamili ila haviitiki. Baadhi ya wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii walieleza kwamba jina inini limetoka kwenye inani, hatamu ya mnyama, kwa sababu ya ulaini wake na kupinda kwake. Taswira hiyo ni ya kweli, na haina tusi ndani yake. Hata madaktari wa Ulaya na Marekani walichelewa kufika hapo: mpaka mwaka 1992, katika mkutano ulioitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ndipo wataalamu walipopendekeza kuacha neno la zamani lenye maana ya mtu asiye na nguvu kabisa, na badala yake kutaja kasoro ya kusimama kwa uume, ili mtu asihukumiwe mzima mzima kwa kiungo kimoja. Kwa hivyo jibu langu ni kwamba wewe si hanithi. Una hali inayoitwa upungufu wa nguvu za kiume, na hali hiyo ina sababu zinazotafutika.

Kuhusu kadhi, ndiyo, mkeo ana haki, na haki hiyo si ya jana. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo Wazanzibari wengi tunayafuata, mke wa inini akishitaki na jambo likathibiti, kwa mfano kwa mume kukiri, kadhi humpa mume mwaka mmoja wa mwezi mwandamo, nao huhesabiwa tangu siku ya hukumu na si tangu siku ya harusi. Mwaka ukipita bila ya kuingiliana, mke hurudi kwa kadhi naye ana hiari ya kufasikhi ndoa, yaani kuivunja, au kubaki. Ikiwa mume amemwingilia japo mara moja katika ndoa hiyo, dai hilo la uinini huanguka. Kwako hilo halikutokea, kwa hivyo mlango wake uko wazi. Mapokezi ya muda wa mwaka yanarudishwa kwa Sayyidna Umar bin al-Khattab, na sababu waliyoitoa mafakihi inanipendeza kila ninapoisoma: wanasema mwaka huzungusha misimu minne, basi ikiwa kizuizi kimetokana na joto kitaondoka wakati wa baridi, ikiwa ni baridi kitaondoka wakati wa joto, ikiwa ni ukavu kitaondoka majira ya machipuko, na ikiwa ni unyevu kitaondoka majira ya vuli. Misimu hiyo si yetu, sisi wa masika na kipupwe, lakini fikra iliyomo ni nzito. Maana yake ni kwamba sheria, kabla ya kuuliza nani kamfunga, ilichukulia kwamba huenda mtu huyu anaumwa, ikampa muda wa kupona, na haikumweka uchi mbele ya watu.

Linganisha na Ufaransa. Huko mahakama za kanisa ziliweza kuamuru mume na mke wathibitishe uwezo wao kwa vitendo, huku madaktari na wakunga wakingoja kukagua. Mwaka 1659 Marquis de Langey aliamriwa jaribio hilo, akashindwa, ndoa ikabatilishwa na akawa kichekesho cha Paris. Baadaye akaoa mke mwingine akazaa naye watoto saba. Aibu ya kisa hicho ilisaidia kuifanya mahakama kuu ya Paris ilipige marufuku jaribio hilo mwaka 1677. Mwanamume gani angeweza mbele ya kamati?

Hayo ya joto na baridi yanatuleta jikoni. Nadharia ya tabia nne ilitoka kwa Wayunani, ikapita kwa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, na imekuja kutulia katika vyungu vyetu bila ya kutaja jina la mtu. Ndiyo maana tangawizi, pilipili manga, mdalasini, karafuu na asali vinahesabiwa kuwa vya moto na vyenye kuamsha, na ukwaju na ndimu vinalaumiwa kwa kupoza. Supu ya pweza ya Forodhani imepata jina kubwa zaidi ya yote. Ni chakula kizuri, nami huinywa, lakini sikuona ikimtibu mtu mwenye maradhi ya mishipa. Ninachokuonya ni zile poda na asali zisizo na jina zinazouzwa kwa siri na kufanya kazi kwa kasi ya kushangaza: mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuta mara nyingi kwamba bidhaa za namna hiyo zimetiwa kemikali ya dawa ya hospitali bila ya kutajwa, na mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti anaweza kuporomoka presha hadi kufa.

Na mshipa? Wengi huhusisha hali kama yako na ngiri au busha, na lawama ya busha nayo ikatupiwa madafu. Busha kwa asili yake hapa visiwani lililetwa zaidi na vijidudu vya matende vinavyoenezwa na mbu, ndiyo maana tangu mwaka 2001 wananchi wa Unguja na Pemba waligaiwa dawa nyumba kwa nyumba; dafu halina hatia. Busha kubwa linaweza kulizuia tendo kwa ukubwa wake. Wewe hukusema kwamba unalo, kwa hiyo naliacha.

Nirudi sasa mlangoni. Mtu wa miaka 46 anayeamka mara tatu au nne usiku kukojoa, anayekonda bila ya kufunga wala kuvuna, na ambaye nguvu zake zimepungua, huyo kwa jicho langu ni mtu wa kupimwa sukari kabla ya wiki hii kwisha. Sikuambii kwamba unayo. Nakwambia kwamba barua yako ingeweza kuandikwa na mgonjwa wa kisukari neno kwa neno. Uume husimama pale neva zinapotoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, mishipa ikalegea, damu ikajaa kwenye sponji mbili za ndani na kufungiwa humo. Sukari iliyozidi kwa miaka huharibu neva na huharibu ngozi ya ndani ya mishipa, yaani pande zote mbili za kazi hiyo. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2 tu, na ya moyo 3 hadi 4, na kwa hivyo unene wa mafuta unaoziba ule mwembamba mapema huenda bado haujaonekana kwenye ule mnene. Madaktari wa moyo siku hizi huichukulia hali hii kuwa ni kengele inayolia miaka miwili hadi mitano kabla ya moyo wenyewe.

Lakini, utaniuliza, sukari gani hii inayomjua mke mkubwa na mke mdogo? Rudi kwenye maneno yako: kwa mke mkubwa mambo yalikuwa yanakwenda "japo si kama zamani". Upungufu ulishaanza huko, ila huko hapakuwa na mtihani; ni mwanamke unayejuana naye, asiyekuhesabia, na nguvu iliyobaki ilitosha. Kwa mke mpya uliingia na hofu, na hofu humwaga adrenalini, na adrenalini huibana mishipa ile ile iliyokuwa tayari imeanza kuchoka. Usiku wa pili ukaiogopa hofu ya usiku wa kwanza. Miezi minane ya hivyo inamfunga mtu kwelikweli, bila ya kufuli. Naamini wengi wa wale waliofungwa katika vitabu nilivyovitaja walikuwa katika njia panda hii, ambapo mwili ulipunguza kidogo na woga ukamaliza. Wala hupo peke yako: katika uchunguzi wa Massachusetts uliochapishwa mwaka 1994, asilimia 52 ya wanaume wa miaka 40 hadi 70 walikuwa na upungufu wa kiwango fulani, na kwa wengi wao haukuwa wa kukatika kabisa.

Nenda kituo cha afya asubuhi bila ya kula kitu tangu usiku, upimwe sukari na presha. Kiwango cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kwa mtu aliyefunga, kikirudiwa na kuthibitika, ndicho kisukari. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha na za msongo wa mawazo hupunguza nguvu zenyewe, na mwambie kama unavuta sigara. Jiangalie pia alfajiri: ukiamka uume umesimama vizuri, mara kwa mara, ni dalili kwamba mabomba yanafanya kazi na tatizo zaidi ni hofu, ukiona hata alfajiri pamekuwa kimya, tatizo zaidi ni la mwili. Kipo kidonge cha sildenafil, kilichokuwa kikijaribiwa kwa maumivu ya moyo kabla ya kuidhinishwa Marekani kwa kazi hii tarehe 27 Machi 1998, nacho huwasaidia hata wengi wenye kisukari. Lakini ukipewe na daktari aliyekwisha kukupima moyo, si na muuza duka anayekukonyeza.

Mke mdogo mwambie ukweli huu kama nilivyouandika, kwa sababu miezi minane amekaa anadhani kasoro iko kwake. Kadhi hajamwendea, na kwa hivyo ule mwaka wako haujaanza hata kuhesabiwa. Kwa mke mkubwa unaweza kuwa na maneno magumu zaidi, iwapo alishasikia alilosingiziwa, na hayo utayasema wewe mwenyewe wala usimtume shangazi. Ukipata majibu ya kipimo niandikie tena, uniandikie tarakimu zenyewe. Usiniandikie kwamba imepanda kidogo.